Nyumba ya Jumapili

Wanasema hasira ni hasara. Waliosema hivyo hawakuwahi kutafutiwa nyumba na dalali.

Sista, ndivyo hospitali nzima ilivyomwita, alikuwa muuguzi wa zamu za usiku tangu mwanawe wa kwanza akiwa anatambaa. Mchana alilala, au tuseme alijaribu. Chumba alichopanga kilikuwa juu ya duka la redio, na spika zilianza kuunguruma kabla hajavua viatu. Mwezi uliopita, kwa usingizi, alijaza sindano ya mgonjwa mmoja akamwendea mwingine, tena mtoto mdogo. Mama wa mtoto ndiye aliyemdaka mkono. Tangu siku hiyo Sista hakutaka nyumba kubwa wala ya fahari. Alitaka kimya cha mchana, basi.

Alimwambia dalali hivyo kwa neno la kwanza. Dalali mwenyewe watu walimwita Asali, kwa sababu ya ulimi wake. Akaweka mkono kifuani.

"Dada yangu, nimekuelewa. Nina nyumba inauzwa, hata nzi akipita utamsikia."

Na kweli. Vyumba viwili, sakafu nyekundu ya saruji, jiko lenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Walikwenda Jumapili. Wakarudi Jumapili nyingine, pamoja na mumewe. Sista alipoomba waende siku ya kazi, mara mwenye nyumba kasafiri, mara ufunguo uko kwa shangazi. Na mwenye nyumba asisemeshwe, eti ukimsemesha anapandisha bei! Ndivyo wanavyofanya kazi hawa watu: mnunuzi huku, muuzaji kule, na ndumilakuwili katikati anakula kwa wote wawili.

Kimya kingi kina mshindo, lakini mwenye usingizi hakumbuki methali. Sista alikubali. Ilibaki kutia saini tu.

Jumanne, alipotoka zamu, miguu ilimpeleka yenyewe kwenye ile nyumba. Alisikia kabla hajakata kona. Nyuma ya ule ukuta kulikuwa na gereji, na mafundi walikuwa wakinyoosha bodi ya basi kwa nyundo, vioo vya madirisha vikitetemeka. Mzee mwenye nyumba alikuwa ameketi barazani, pamba masikioni.

"Unadhani nauza kwa nini, mwanangu?" alipaza sauti. "Nilimwambia yule dalali asimfiche mtu."

Hasira zilimpanda Sista. Alimpigia Asali simu: njoo na karatasi zako. Asali alifika mbio, tabasamu sikio hadi sikio.

"Lala," Sista alimwambia, akimwonyesha sakafu ya chumbani.

"Nini, dada?"

"Mimi hulala saa hizi. Lala hapo, tuone."

Asali alicheka. Nyundo zikapiga, akakunja uso bila kupenda.

"Utazoea bwana! Kila mtu huzoea."

Sista alimpokonya zile karatasi, akazichana mbele ya macho yake.

"Sawa. Siku mama yako akilazwa wodini kwangu, mwombee nami niwe nimezoea."

Sista alimuaga mzee, akarudi kwenye chumba chake juu ya duka, akavua viatu, akajilaza macho wazi huku kitanda kikitikisika kwa muziki. Jioni hiyo alitakiwa awe wodini, ameshika sindano.