Hatua Kumi na Tisa za Halua

Nilimkosa mke kwa sababu ya mawe, na kosa lilikuwa langu.

Mwaka wa uhuru, nikiwa nimetoka sekondari, nilipata kibarua cha ukalimani kwa Mzungu mmoja, mpimaji wa miamba aliyekuwa akigonga mawe kule Kikoneni. Siku moja alinieleza habari za lava za kale, za nchi za mbali, zenye silika nyingi, ile inayotengenezewa kioo. Lava ya namna hiyo ni nzito, kwa kawaida hurundikana palepale ilipotokea. Lakini zipo zilizotandaa mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Zilitoka nyingi mno kwa mara moja, zikiwa na moto mkali. Juu zikaganda gamba, gamba likawa blanketi, na ndani zikaendelea kutembea.

Jambo hilo liliniingia kichwani likakataa kutoka.

Mkwe wangu mtarajiwa alikuwa fundi wa halua Msambweni. Siku moja kabla ya harusi, siku ambayo bwana harusi hatakiwi kuonekana ukweni, nilikwenda na debe la samli kama kisingizio. Nikamkuta uani akikoroga karai la shaba, halua ya wageni wote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kumchungulia mwali?"

"Hapana, baba. Karai."

Na ilikuwa kweli. Nikamweleza habari za lava. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Halua yangu haitembei, mwanangu. Ukiimwaga hukaa kama shangazi yako akishapata kiti harusini."

Adhana ya alasiri ikasikika. Akanipa mwiko. "Koroga, usiache," akasema, akaenda msikitini.

Nilimwaga upawa mmoja. Ukakaa kama shangazi. Lakini upawa si karai, na yule Mzungu alisema nyingi, kwa mara moja. Nikaliinamisha karai zima.

Wallahi ilitembea! Iliipita mbuzi ya kukunia nazi, ikapenya chini ya benchi, juu imeshika gamba, ndani inasukuma, hadi kwenye banda la kuku. Ilipopoa kando kando, kuku mmoja alikanyaga akanasa, akabaki amekodoa macho mbele kama askari wa gwaride.

Mzee aliporudi, kubadhi lake la ngozi, la mguu wa kushoto, lilinasa likabaki kwenye halua.

"Nini hii?"

Nilikuwa na maneno mawili kinywani. Moja lilikuwa nisamehe. Nikatoa la pili.

"Hatua kumi na tisa, baba! Imefika bandani!"

Mzee alikuwa akimtazama kuku. Sauti ya mwali ikatoka dirishani:

"Baba, ameomba radhi?"

"Bado."

"Basi."

Dirisha likafungwa.

Kesho yake zawadi zangu zote zilirudishwa, na juu yake kipande cha halua kigumu, chenye alama ya kubadhi. Nilipaswa kukimbia nikampigie mzee magoti. Badala yake nilikivunja, nione kama ndani kilipoa polepole.

Ndani kilikuwa laini bado, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi.