Floksi za Marehemu Mama

Maua yangu ya floksi ni marefu kuniliko, Molo nzima inajua. Lakini juzi, kwa foleni ya duka la dawa za shamba, nilifunzwa kitu.

Mama mmoja mbele yangu alimwekea muuzaji jani kwa kaunta, jeupe kama limepakwa unga. "Boss, nipe dawa. Maua ya floksi ya marehemu mama yangu yanakufa."

Kabla muuzaji hajajibu, nikamtajia mama dawa tatu. Mzee nyuma yangu akanisukuma kwa kiwiko. "Mathe, yamesongamana?"

"Sana. Sing'oi hata shina moja. Ni ya mama."

"Huo ni ukungu. Punguza mashina, upepo upite. Maji mwaga chini, si kwa majani. Unayong'oa na mizizi yake, pelekea dada zako, kama unao."

Mama akafuta jani kwa kidole. "Waliniomba. Nikawanyima."

Akaondoka bila dawa. Nami nikamkumbuka jirani aliyeniomba mche wa floksi zangu. Nilimwambia udongo wake haufai, na haikuwa kweli.