Besi Kutoka Randburg

Kwaya yetu haikuwa na besi, na lawama zote ni za zamu za Jumapili. Kanisani kwetu, kanisa la Wakongomani kwenye jengo kuukuu katikati ya Johannesburg, kila mwanamume mwenye sauti nzito ni mlinzi. Papa, yaani baba yangu, alibaki peke yake, mpaka kampuni yake ikampeleka kulinda duka kubwa Randburg. Jumapili zote. Sharp, ndiyo "sawa" ya hapa.

Pasta alikuwa ameshatuonya: tukiharibu Pasaka, kwaya inavunjwa, kinanda chenye ngoma ndani kinanunuliwa.

Na wimbo tuliopangiwa ulikuwa wa Mjerumani wa kale mwenye wigi. Mwalimu wetu, mama wa Bukavu anayesuka nywele Joubert Park, humzungumzia kama jirani wa ghorofa ya pili. Eti kulikuwa na miaka aliyotunga muziki mpya wa kanisa karibu kila wiki, wino haujakauka, wanawe na wanafunzi wake wakinakili. Muda ukimbana, anachukua wimbo wake mwenyewe wa sherehe ya wakubwa, anauvisha maneno ya Mungu.

"Mimi nikifanya hivyo na insha naitwa mwizi," nilisema.

"Insha yako weye, nani atataka kuisikia mara mbili?"

Mara nyingi mzee huyo alimwandikia mpiga kinanda besi tu, na namba za kumwongoza. Mwenyewe akajijazia yaliyobaki. "Ukiwa na besi, uko na nyumba," Mama Mwalimu alisema. "Zingine ni pazia."

Sisi tulikuwa na pazia. Mimi sauti ilikuwa inavunjika. Nikijaribu kushuka, nalia kama mlango.

Ndipo nikaleta wazo la simu. Papa aimbe kutoka kazini, sisi tumweke kwenye spika. Wimbo aliujua kwa moyo. Simu yenyewe tuliijaribu kwa kusema "halo" tu.

Siku ya Pasaka besi ikaja imechelewa. Sisi tunamaliza mstari, Papa yuko katikati. Tukapunguza mwendo ili tumsubiri. Yeye akasikia tumepunguza, akapunguza naye. Eish. Ubeti wa pili ulikuwa unatambaa kama msafara wa mazishi, mara spika ikasema, kwa sauti nzito nzuri ajabu:

"Samahani, madam, choo kiko chini, karibu na lifti."

Kanisa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, ningefanyaje? Kisha nikaona mkono wa Mama Mwalimu bado uko juu, unahesabu mapigo, na hakuna anayeimba isipokuwa Papa. Aliendelea peke yake mpaka mwisho, bila kukosea hata noti moja.

"Mlinisikia?" akauliza.

"Vizuri sana, Papa."

Pasta alitushukuru kwa upole, na hapo nikajua tumekwisha. Jumapili iliyofuata kinanda kilikuwepo, kinajipigia ngoma chenyewe.

Nilimkuta Mama Mwalimu akimsuka mteja. Akaniambia hata yule Mjerumani, alipokufa, watu wengi waliona muziki wake umepitwa. Vizazi vikapita kabla ya kurudishwa kwenye majukwaa makubwa.

"Yeye aliacha makaratasi," nikasema. "Sisi tumeacha nini?"

Alivuta nywele za mteja mpaka mteja akalia, "Aii, mama!"

Papa, kwa kuwa Jumapili haji, hajui kuwa kwaya haipo tena. Jana alikuwa bafuni akipasha sauti moto, akaniuliza tutaimba nini Pentekoste. Nikamwambia Mama Mwalimu bado anachagua.