Shuka Lenye Miguu

"Mimi sisemi kitu," alisema jirani wa chumba cha pili, yule fundi cherehani, huku akisema kila kitu. "Ila mumeo kila alfajiri anakutana na mwanamke pale kona. Mwanamke wa suruali, mkononi ana kisanduku cha rangi ya machungwa. Wanaongozana kwenda kule mnarani, hata mlinzi hajamaliza kupiga miayo. Sasa mwenzangu, kazi inaanza saa mbili. Saa kumi na moja wanajenga nini?"

Mama mtoto alikuwa ananyonyesha. Akambadilishia mtoto titi, akacheka kidogo kama mtu aliyeletewa habari ya zamani. "Kazi ni kazi," akasema. Lakini lile swali lilishaingia ndani, likavuta kiti likakaa.

Mumewe alikuwa mfunga nondo. Wenzake walimwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito chini ambayo mafundi huning'iniza kujua kama ukuta umesimama wima, maana hata akikaa kula alikaa wima kama anapigwa picha. Alianzia kwenye kubeba maji ya zege, akajifunza waya na koleo, akapanda jengo moja baada ya jingine mpaka akafika kwenye mnara huu, ambao ukitaka kuona ncha yake shingo inauma. Vidole vyake vilikuwa na sugu ngumu. Mtoto alimbeba kwa viganja, vidole amevikunjua mbali, asimkwaruze.

Na ule mnara aliupenda, hilo halikufichika. Jioni, sahani mbele yake, aliueleza kama kijana anayemweleza mchumba. Katikati una uti wa mgongo, alisema, ukuta mnene wa zege unaozunguka njia za lifti, na ndani ya ukuta huo nondo zimesongamana hata panya hapiti. Lakini uti peke yake haumudu upepo wa kule juu, ungeyumba kama mlevi. Ndiyo maana kila baada ya ghorofa kadhaa kuna mihimili mikubwa ya chuma inayotoka kwenye uti kwenda kushika nguzo za nje. Hapo alikuwa anainuka kabisa kuonyesha: anapanua miguu, ananyoosha mikono, mkono mmoja anashika fremu ya mlango, wa pili kabati. "Sasa nisukume," anasema. Mkewe anamsukuma, yeye hatikisiki.

Zamani mchezo huo uliwachekesha wote wawili. Jioni ile, baada ya maneno ya jirani, mama mtoto alisimama akamtazama mumewe alivyoling'ang'ania kabati, akawaza: mimi mikono hiyo imenishika hivyo lini?

Nyumba yao ya kupanga ilikuwa na paa la zege, bapa, lenye tangi la maji, kijumba cha pampu na kamba za kuanikia. Kutoka pale juu, kona ya barabara ilionekana kama iko kiganjani. Kesho yake, mumewe alipofunga mlango tu, mama mtoto alimfunga mtoto mgongoni, akabeba shuka lililolowa mkojo, akalisuuza haraka, akapanda nalo juu. Sababu alikuwa nayo, hata kama angeulizwa. Akalianika kwenye kamba iliyopita mbele ya kijumba cha pampu, kisha akasimama nyuma yake, akachungulia pembeni.

Aliwaona chini ya taa ya barabara. Mumewe alichukua kitu cha miguu mitatu ya vyuma akakitia begani bila kuombwa. Yule mwanamke akasema neno. Mumewe akacheka, kichwa kikarudi nyuma.

Kicheko ndicho kilichomkata. Nyumbani alicheka kwa pua.

Basi ikawa ndiyo kazi yake. Kila alfajiri shuka, kila alfajiri kona. Wakishapita hakuteremka, alibaki nyuma ya shuka akiutazama mnara mpaka vitone viwili vinatokea juu kabisa, kimoja kimeinama, kimoja kimesimama. Alijitazama: gauni lenye madoa ya maziwa, miguuni ndala za mumewe, moja ya kijani, moja ya bluu, kwa sababu wenzao walishakatika. Yule mwingine alivaa buti, na alikuwa na kisanduku. Alikichukia kile kisanduku kuliko mwenyewe aliyekibeba.

Wiki moja baadaye mumewe alirudi jua likiwa bado bichi. Akasimama mlangoni, kofia ya kazi mkononi.

"Umewahi," alisema mama mtoto.

"Zege limeahirishwa. Watu wamekaa tu chini."

Mtu harudi saa kama hii kwa jambo jema. Akaamua atangulie yeye. "Kama umekuja kuchukua nguo zako, lile shati la bluu halijakauka."

"Nguo zangu niende nazo wapi?"

"Kwa mwenye kisanduku."

Timazi aliketi kitandani taratibu, wima vilevile. "Yule ni mpimaji, mama," alisema. "Jua likipiga mnara upande mmoja, upande ule unatanuka, mnara wote unainamia upande wa pili. Kidogo sana, jicho halioni. Ukipima mchana unapima uongo. Mwaka jana tulipima mchana, tukamwaga ukuta, alfajiri ukakutwa umetoka kwenye mstari. Nani aliubomoa kwa nyundo? Si unakumbuka mikono yangu ilivyovimba? Tangu siku hiyo tunapima kabla jua halijatoka, na mimi namshikia kioo cha kulengea."

"Na kucheka je?"

"Kucheka wapi?"

"Pale kona. Mpaka kichwa kinarudi nyuma."

Timazi alijikuna shingo. "Huwa anauliza kama mtoto ameniachia nilale. Nikamwambia juzi kanikojolea mfukoni."

Mama mtoto alikaza midomo, hakutaka kutabasamu. "Kumbe hata mwanangu anamjua."

"Sikiliza. Kile kisanduku kina darubini. Kule juu analenga nayo alama zilizobandikwa kwenye majengo ya mbali, bila hizo hajui mnara uko wapi. Moja iko hapa juu kwetu, kwenye kijumba cha pampu. Kile kibao cheusi na njano."

Alikijua. Siku zote alidhani ni mambo ya watu wa maji.

"Alama ya upande mwingine imezibwa na bango la matangazo. Tumebaki na hii, nayo wiki nzima haionekani. Leo huyo dada akaniita, Timazi, hebu chungulia. Nikachungulia. Naona shuka la maua, lile la shangazi yangu. Chini ya shuka, miguu. Ndala moja ya kijani, moja ya bluu."

Aibu ilimpanda mama mtoto mpaka masikioni. "Akasema nini?"

"Akasema shuka la kwenu lina miguu."

"Nawe ukasema nini?"

"Nikasema upepo."

Mtoto alikohoa mgongoni. Mama mtoto akamtikisa polepole, akiangalia sakafu. "Kwa hiyo huwa unaniona."

"Kabla ya mambo ya shuka, ndiyo. Dada akimaliza namwomba nichungulie mara moja. Unachota maji, unamsemesha mtoto. Sisikii unamwambia nini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha kumsemesha."

Wivu haukumtoka, ulihama tu. Sasa alimwonea wivu yule mwanamke wa kwenye darubini, aliyetazamwa kila alfajiri kwa kuombewa ruhusa, huku huyu wa chumbani akipitwa kwenda kwenye sahani.

Timazi aliinuka, akavaa kofia. Mlangoni akageuka, mkono mmoja ukishika fremu.

"Nina ombi," alisema. "Kesho tukikosa tena, msimamizi ataniondoa kwenye kioo, aweke mtu mwingine. Shuka lihamishie kamba ya upande wa ngazi." Akaiweka sawa kofia kichwani. "Lakini wewe usihame. Simama palepale, pembeni ya alama. Usiizibe tu."