Mgonjwa wa Ng'ambo ya Mto

Daktari wa mjini aliniangalia juu ya miwani yake, akaniambia sukari yangu imepanda na dawa peke yake haitoshi. Nitembee. Kila siku saa nzima, mwendo wa kutoka jasho. Nikamwuliza nitembee kwenda wapi. Akasema popote. Hapo nikajua kuwa daktari yule hakuzaliwa kijijini.

Kwetu Pemba mtu hatembei popote. Mzungu akipita na fimbo zake mbili na begi mgongoni tunamwacha, ndivyo alivyo. Lakini mtu wetu, tena mwalimu mstaafu mwenye mvi, akionekana njiani lazima awe anakwenda mahali, na mahali penyewe lazima pajulikane. Toka kwangu mpaka mwisho wa kijiji kuna nyumba kumi na moja, na kila barza ina mtu wa kuuliza.

Asubuhi ya kwanza nilijibu kweli.

"Wendapi, mwalimu?" aliniuliza mama wa nyumba ya kwanza, anapepeta mchele.

"Natembea tu."

Ungo ukashuka. "Watembea tu! Kwani weye na mkeo mna nini?"

Nilipofika nyumba ya nne, habari ya ugomvi wangu na mke wangu ilikuwa imeshanitangulia. Mzee mmoja alinishika mkono akanisihi nisitoe talaka kwa hasira. Mke wangu alipoisikia alicheka hadi akakaa chini, kisha akaniuliza kama kuna lolote analopaswa kulijua.

Kusema kuwa nina sukari sikuweza. Jirani yetu mmoja alisema, na tangu siku hiyo akiingia kwenye harusi yoyote watu huondoa sahani ya halua mbele yake kabla hajakunja miguu. Mimi halua naipenda. Nilitaka niikatae mwenyewe, taratibu, kwa heshima yangu.

Basi siku ya pili nikadanganya. Mimi, niliyewasimamisha watoto wa watu juani kwa kosa hilo hilo, nilisema, "Nakwenda kumkagua shangazi, hajisikii vyema." Uongo ulitoka laini kiasi cha kunitisha. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anakaa peke yake ng'ambo ya mto, chini kabisa ya bonde la mpunga, karibu na mikoko. Kufika mtoni na kurudi ni saa nzima barabara. Na mtu anayekwenda kumkagua mgonjwa hazuiwi njiani, anaombewa dua.

Kasoro ilikuwa moja tu. Shangazi hakuwa mgonjwa, na mimi na yeye hatukuwa tumesemeshana kwa miaka miwili. Nilipomwoza binti yangu, wakubwa wote niliwaendea kwa miguu yangu kuwaarifu. Yeye nilimpigia simu, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na bonde lina tope. Hakuja. Alituma salamu kuwa harusi aliyoalikwa kwa simu ameihudhuria kwa simu. Nikanuna, naye akanuna zaidi, maana yeye ndiye mkubwa. Kwa hiyo kila asubuhi nilifika kwenye gogo la mnazi lililolazwa juu ya mto, nikaiona nyumba yake ya makuti upande wa pili, nikapumzika, nikageuza.

Siku ya tatu mama wa nyumba ya kwanza alinisubiri na mkate wa kumimina uliofunikwa kitambaa. "Mpe shangazi yako, mwambie namwombea." Nyumba ya tano wakanipa ndizi mbivu. Nikafika mtoni na mzigo. Kurudi nao nitaulizwa, kuvuka kiburi hakiniruhusu, na kutupa chakula ni dhambi. Nikakaa juu ya gogo nikala. Mkate ulikuwa bado moto, sukari na iliki zimekolea. Ndizi nilikula nne, nyingine nikawaachia tumbili. Kesho yake walinipa zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimesema mgonjwa amefurahi sana.

Baada ya wiki mbili nilirudi kwa daktari. Alipima, akakitazama kipimo, akapima tena.

"Unatembea kweli?"

"Kila siku, wallahi."

"Basi wewe ni mtu wangu wa kwanza kutembea na sukari ikapanda."

Kisha akaacha mzaha. Aliniambia tukiendelea hivi yatafuata macho, halafu miguu. Niliogopa, sifichi. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, nikaazimia kuwa kesho nitasema kweli kwenye barza zote kumi na moja, halua ikiondolewa na iondolewe.

Kesho yake sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Mama wa nyumba ya kwanza alikuwa ameshavaa buibui, na wenzake sita nyuma yake na makapu.

"Mwalimu, mgonjwa wa wiki mbili hatukuachii peke yako. Leo twenda sote. Tangulia ukamwambie, sie twaja na njia ya bonde."

Niliona nimekwisha. Nitakuwa mtu aliyemzulia ugonjwa shangazi yake kisha akala chakula chake. Nafuu yangu ilikuwa njia ya pwani. Njia ya bonde inazunguka majaruba yote ya mpunga. Ya pwani inavuka mdomoni mwa mto na ni fupi, ikiwa maji yamekupwa. Siku ile yalikuwa hayajakupwa vizuri. Nikakunja suruali, makubadhi mkononi, nikaingia kwenye mikoko. Tope lilinishika mpaka magotini, kaa wakikimbia huku na huku, nami nikianguka na kuinuka. Kila penye uwazi niliwaona wale wanawake saba juu bondeni wamejipanga mstari, wanakwenda bila haraka, na kila nikiwaona wako mbele kuliko nilivyotaka. Sijawahi kutembea vile tangu nizaliwe. Daktari angeniona angenipa cheti.

Shangazi nilimkuta uani anapasua kuni. Ana miaka themanini na ushei, na shoka lilikuwa linapanda na kushuka. Aliniona nimejaa tope mpaka kifuani, hakusimama.

"Nani kafa?"

"Hakufa mtu. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani mgonjwa basi?"

"Wewe."

Shoka likatulia. Nikamweleza yote mbiombio, sukari, barza, mkate, tumbili, na wanawake saba. Nikamwomba radhi kwa uongo, na radhi ya harusi nayo ikafuata humo humo, kwa kuwa sauti za wanawake zilishafika kwenye gogo na sikuwa na wakati wa kiburi.

Aliegemeza shoka ukutani, akapangusa mikono, akaingia ndani. Akapanda kitandani na kujifunika shuka mpaka kidevuni.

"Wafungulie mlango. Kisha ukae hapo miguuni pangu, utie huzuni."

Mgonjwa kama yule sijamwona. Aliguna pa kuguna, akanyamaza pa kunyamaza. Mama wa nyumba ya kwanza alimwuliza kwa upole kama ule mkate wa kumimina ulimfaa. Shangazi akafumbua jicho moja, akanitupia mimi.

"Ulinifaa, mwanangu, Mungu akulipe. Ila huyu mletaji, kila siku yuaja na makombo ndevuni."

Wanawake wakacheka. Nikacheka nao, tope likinikaukia mwilini.

Walikaa mpaka adhuhuri. Walimfagilia ua, wakampasulia kuni zilizobaki, wakampikia uji, mmoja akamsuka. Shangazi akasahau kuguna, akawahadithia vituko vya harusi yake mwenyewe mpaka mmoja akatoka nje kwa kucheka. Walipoaga waliahidi kurudi Jumapili.

"Wamekwenda, shangazi," nikamwambia. "Inuka."

Hakuinuka. Alikuwa anautazama mlango, ambao toka pale kitandani unaonesha mto mzima na gogo lake.

"Wiki mbili nakuona," akasema. "Wafika hapo gogoni, wakaa, wala, wageuka. Nami kila siku nikikuona wateremka bondeni nateleka birika, nasema leo atavuka."

Nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia mbele ya daktari yeyote, nikainama kuokota majani ya mikoko yaliyonasa kwenye suruali yangu.

"Kesho vuka," akasema. "Mkate uje mzima. Na hao wenzio waambie sijapona."

Kesho yake nilivuka gogo na mkate mzima. Vikombe viwili vilikuwa vimeshamiminwa chai, na kopo la sukari shangazi amelisukumia uvunguni mwa kitanda. Mkate aliula wote mbele yangu, polepole, akinieleza ladha yake kila tonge.