Mboga ya Shangazi Ndani ya Chupa Sitini

Kazini wananiita Kibano, kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Zamani nilikuwa nalifurahia hilo jina. Siku hizi mtu akiniita hivyo naangalia viatu vyangu.

Kazi yetu maabarani ni kuzalisha miche ndani ya chupa. Unakata pingili ya shina yenye jicho la kuchipua, unaiosha kwa klorini, unaisimamisha juu ya rojo lenye sukari, unafunga. Jicho moja likikubali, baada ya miezi kadhaa una miche mia. Ila rojo hilo hilo ukungu nao unalipenda, tena kuliko mmea wenyewe. Ndiyo maana kibano kinapitishwa motoni kabla ya kila pingili. Kila pingili, si kila ukikumbuka.

Shangazi yangu ndiye aliyenilea. Nyuma ya jiko lake, katika sufuria iliyotoboka, alikuwa na mboga chungu aliyoachiwa na mama yake. Wanawake wa mtaa mzima walimjia kuomba majani, huyu tumbo linamsokota, yule amejifungua juzi. Kwingine kote watu walishaing'oa, wakapanda zinazouzika. Lilibaki shina moja tu, limezeeka, na mbegu halitoi.

"Niachie mimi," nilimwambia. "Wewe unabembeleza sufuria, mimi nitakujazia uwanja mzima."

"Lakini kidogo kibaki hapa, mwanangu."

"Shangazi, unanifundisha kazi yangu?"

Mdomo huu ungeshonwa siku ile ningeshukuru.

Hakikubaki kitu. Mkuu wetu alikuwa amealika wageni, nami nilitaka rafu ijae. Nililing'oa shina pamoja na mizizi, nikalibeba hadi maabara, nikalikata lote, jicho kwa jicho. Juu ya meza yangu kuna karatasi imebandikwa ukutani: mmea mama haukatwi wote. Mwandiko ni wangu mwenyewe.

Na wageni walipoingia, kichwa kikavimba. Nikawa nakata huku naeleza, naeleza huku nacheka nao, barakoa iko kidevuni. Taa ya spiriti iliwaka pembeni yangu bila kazi. Kibano nilikipitisha motoni mara mbili tatu, basi.

Siku ya nne nikaona weupe kama pamba katika chupa moja. Siku ya tisa ukungu ulikuwa katika zote sitini. Nilizimwaga na kuziosha asubuhi kabla wenzangu hawajafika.

Hapo ningeenda kusema ukweli. Mtu mzima angeenda. Mimi nilichukua miche sita kutoka rafu ya chini, mboga ya kawaida tu, uchungu kwa mbali, haimdhuru mtu wala haimtibu. Jani lake linafanana na lile ukiwa huna macho ya Shangazi. Nikaikuza miezi mitatu, nikampelekea.

Nikakuta ameita majirani. Wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja na kopo lake la udongo, wananishangilia kama bibi harusi. Shangazi akachuma jani moja, akatia mdomoni. Akatafuna. Taya likasimama.

Mboga ameila tangu hajaota meno, nitamdanganya nini? Akaniangalia, si kwa muda mrefu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na mkeka wake juu. Kisha akameza.

"Ndiyo yenyewe," akawaambia. "Mwanangu ameiweza."

Wakapiga makofi. Mmoja akanishika mikono yote miwili, akaniombea maisha marefu, nami nikaitikia amina, sijui kwa ulimi gani. Shangazi akawagawia miche yote sita, akaonyesha kila mtu jinsi ya kumwagilia.

Walipoondoka akaingia jikoni. Nikamsikia anasugua kitu kwa mchanga, taratibu. Alipotoka alikuwa na ile sufuria, imeng'aa, haina hata chembe ya udongo. Akaifudikiza juu ya kichanja cha vyombo, akafuta mikono.

"Shangazi, wewe hukubakiza wa kupanda?" nikauliza, maana haya sina.

"Nitapanda wapi? Sufuria imetoboka," akasema. "Kaa ule, umetoka mbali."

Sufuria hiyo imetoboka tangu sijazaliwa. Nikakaa, nikala.