Chombo Kile Hakikujengwa na Mwalimu Brayan

Pale stendi ya Tarime, mbele ya ofisi yetu ya tiketi, wapo wanaume wanaocheza drafti tangu basi la kwanza la Mwanza halijaondoka mpaka jua linapozama. Wana wake, wana watoto, wengine wana wajukuu. Sijawahi kumsikia mtu akiwauliza wataacha lini michezo. Lakini Robi Waitara akishika simu yake mchana, basi moja limeondoka na jingine halijafika, maneno yalikuwa yanatoka kila upande. Msichana mkubwa hivyo, hajaolewa, anacheza gemu. Bosi wetu, Mzee Kisyeri, alikuwa akipita dirishani anasema kwamba huko kwao Kisaka wenzake wanalea. Alisema hivyo huku kete ya drafti iko mkononi mwake.

Mimi naitwa Agustina. Nilikuwa nakaa na Robi dirisha moja, nikaona mambo haya tangu yanaanza, na nayasema kama nilivyoyaona kwa sababu mjini hapa yamesemwa mengi ambayo si kweli.

Gemu lenyewe ni la kujenga kwa matofali. Unapewa nchi tupu na matofali ya kila rangi, hayaishi, na hakuna anayekuamuru ujenge nini. Wengi wanaanza na nyumba. Robi naye alianza na nyumba, kisha akajenga boma zima la kwao, zizi, ghala la mtama, hata choo cha nje. Halafu siku moja akaniambia amechoka kujenga vitu vinavyokaa chini.

Alinisimulia kwamba utotoni, akichunga mbuzi wa baba yake upande wa Mbalibali, upepo ukikubali walikuwa wanaona mabaluni ya watalii yakija kutoka hifadhini asubuhi. Watoto wanakimbia chini yake, watalii wanapunga mikono, baluni linapita. Nilimuuliza kama ndiyo maana anataka kujenga chombo cha anga. Akasema hajui, labda, ila anataka kitu kinachoruka ambacho mtu wa kawaida anaweza kupanda.

Chombo cha kwanza kilikuwa basi. Nasema basi kwa sababu lilikuwa basi kweli, lina madirisha ubavuni, lina keria juu, na mabawa yamechomekwa pembeni kama masikio ya punda. Robi anajua mabasi, akajenga basi. Cha pili kilikuwa kama penseli iliyosimama. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba karibu kila mtu anaanza hivyo. Anachukua kitu anachokijua, anakiongezea mabawa na moto nyuma, anasema tayari.

Katika gemu lile unaweza kuwaruhusu wengine waingie kwenye nchi yako watembee. Mmoja aliyekuwa anaingia ni Erasto, fundi simu wa Sirari, ambaye kwa kukaa mpakani siku zote anaongea kama Mkenya. Erasto aliizunguka ile penseli, halafu akaandika, "Hii kitu watu wanaingilia wapi? Ama ni ya kuangalia tu?"

Robi alikasirika mchana kutwa. Abiria waliouliza basi la Musoma walijibiwa kwa mkato. Lakini kesho yake aliivunja penseli yote akaanza upya, na safari hii alianzia ndani. Aliweka kiti cha rubani kwanza, na dirisha mbele yake. Nyuma ya kiti akaacha njia ambayo watu wanaweza kupishana. Kisha mahali pa kulala, jiko, ghala, na mwisho kabisa chumba cha injini. Vyote vilikuwa wazi, bila kuta, kama nyumba iliyochorwa chini kwa jembe kabla msingi haujachimbwa. Akawa anatembea humo ndani kwenye simu, anapima kama mtu akitoka kulala atafika jikoni bila kujigonga. Alipotosheka ndipo akaanza kukifunika kwa nje.

Kukifunika ndiko kulikomtesa. Kila alipofunika, kilitoka sanduku. Alijifunza kutumia matofali yaliyokatwa mshazari ili mgongo uteremke taratibu. Alijifunza kujenga ubavu mmoja mpaka umkubali, ndipo anaurudia upande wa pili tofali kwa tofali, maana ukijenga pande zote pamoja unapotea. Mwanzoni alikipaka kila rangi, kikawa kama kanga za harusi, na Erasto akamshauri achague rangi chache. Akabaki na kijivu cha majivu na udongo uliokolea, na njano kidogo kwenye milango. Kisha alikuwa anakwenda mbali, anapanda kilima cha humo humo kwenye gemu, anakitazama kutoka huko. Kama haionekani mbele ni wapi na nyuma ni wapi, anarudi anavunja. Pua ya chombo kile aliivunja na kuijenga mpaka mimi ndiye niliyechoka.

Kilipokamilika kilikuwa na tumbo pana na pua fupi, kimekaa kama ng'ombe aliyelala anayetaka kuinuka. Mimi si mtu wa gemu, lakini nilikitazama muda mrefu.

Sasa Mwalimu Brayan. Huyu ana kituo cha kufundishia kompyuta karibu na soko. Alikuja kukata tiketi, akaona simu ya Robi, akaomba aione vizuri. Alisifu sana. Akauliza hiki umekianzaje, hiki umekifanyaje, na Robi akamweleza yote, maana alikuwa mtu mzima wa kwanza kukitazama bila kucheka. Akaomba awalete wanafunzi wake waingie watembee, wajifunze. Robi akawapa ruhusa ya wageni, yaani kuingia na kutazama tu. Jioni nyingi aliwajibu maswali yao kwa kuandika, bila kudai chochote, na alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo.

Yakaja maonyesho ya vijana na teknolojia kwenye ukumbi wa pale mjini. Hatukuwa na habari nayo mpaka dereva mmoja wa bodaboda alipomwambia Robi kwamba lile dude lake la angani limewekwa kwenye bango. Tulimwomba Mzee Kisyeri ruhusa ya kwenda. Akakataa. Tukafunga dirisha tukaondoka.

Bango lilikuwa mlangoni. Chombo kilekile, pua ileile iliyotuchosha, na chini yake maneno kwamba kimebuniwa na wanafunzi wa kituo chini ya usimamizi wa Mwalimu Brayan. Ndani, projekta ilikuwa inamulika ukutani, mwanafunzi mmoja anatembea ndani ya chombo huku mshereheshaji anaeleza. Na maelezo aliyokuwa anayasoma yalikuwa maneno ya Robi. Anzia kiti cha rubani. Jenga ubavu mmoja kwanza. Alikuwa anasoma yale Robi aliyowaandikia wanafunzi jioni zile, wala hawakubadilisha kitu.

Robi hakupiga kelele. Alimfuata Mwalimu Brayan pembeni ya jukwaa, na mimi nyuma yake.

"Mwalimu, mbona hamjasema ni cha nani?"

Brayan alitabasamu, akashusha sauti. "Dada Robi, wewe ulikuwa unacheza tu. Sisi ndio tumekifanya kiwe mradi."

"Basi taja jina langu. Sihitaji kingine."

Akasema mgeni rasmi ameshakaa, ratiba imeshapangwa, tutaongea baadaye. Halafu akaongeza, kama mtu anayempa mwenzake ushauri mzuri, kwamba ukumbi mzima ule hautaelewa akisema kimejengwa na mkata tiketi wa stendi, watadhani ni utani. Akatugeuzia mgongo.

Nimeshatukanwa na abiria, nimeshatukanwa na makondakta, lakini maneno yale ya upole yaliniuma kuliko matusi yote. Nilitaka nimvute koti. Robi alinishika mkono, tukaenda kukaa viti vya nyuma. Akatoa simu.

Nilidhani anataka kupiga picha. Kumbe alikuwa ameingia kwenye nchi yake. Ukutani, mbele ya watu wote, mlango wa njano ukatoweka. Kisha ukuta uliokuwa nyuma ya mlango. Mwanafunzi aliyekuwa akitembea akageuka huku na huku asielewe. Watu wengine walicheka, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Paa likaanza kuondoka, tofali moja moja, mbingu ya ndani ya gemu ikaonekana juu ya jiko. Brayan akachukua kipaza sauti akasema waheshimiwa watuwie radhi, ni matatizo ya mtandao.

Robi akasimama.

Mgeni rasmi alikuwa mama mtu mzima kutoka mkoani. Robi alimwamkia kwanza. "Shikamoo mama. Si mtandao. Ni mimi ninayekibomoa."

Ukumbi uligeuka wote. Yule mama akaitikia marahaba, akamuuliza kwa nini anaharibu kazi ya vijana.

"Si kazi yao, mama. Nimekijenga mimi. Wao ni wageni humo, hawawezi kuweka hata tofali moja. Mwambie mwalimu aweke moja tu, na mimi nitakaa chini."

Mama akamtazama Brayan. Brayan akainama kwenye kompyuta, akabonyeza, akabonyeza tena, akasema mfumo una shida. Hakuna tofali lililowekwa. Mtu yeyote mwenye macho alikuwa ameshaelewa, na mimi moyoni nikasema sasa haki inatendeka.

Haikutendeka. Yule mama alisema jambo hili litazungumzwa baada ya shughuli, tusivuruge ratiba. Vyeti vilikuwa vimeshaandikwa majina, basi vikatolewa. Watu wakapiga makofi. Wanafunzi wenyewe siwalaumu sana, walipokea vyeti vile wakitazama sakafu. Shughuli ilipoisha mama akaingia kwenye gari akaondoka, na mpaka leo hakuna aliyetuita kuzungumza.

Robi alikibomoa chombo chote siku ileile, tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje ya ukumbi. Nilimsihi aache angalau chumba cha rubani. Akasema akiacha chochote, Brayan ataendelea kutembeza watu humo. Kisha akafuta ruhusa za wageni, akaweka simu mkobani, na hapo ndipo alipolia. Akalia kidogo tu, akajifuta, akaniambia twende dirishani kabla basi la jioni halijajaza watu.

Mzee Kisyeri alikuwa ameshasikia. Nilitegemea atatufukuza kazi. Badala yake akaomba aonyeshwe hicho chombo kilichotazamwa na mgeni rasmi. Robi akamwambia hakipo tena. Mzee akasikitika kweli, akasema kumbe ilikuwa kazi ya maana. Hilo nalo limenikaa kooni. Miezi yote ile chombo kilikuwa hatua chache kutoka kwenye drafti yake, lakini mpaka mtu wa mkoani akitazame ukutani ndipo kinakuwa kazi. Robi alimjibu, kwa heshima zote, kwamba ilikuwa kazi tangu mwanzo, mzee.

Ameanza kingine, kikubwa zaidi. Na mimi nimeanza changu cha kwanza, kimetoka kama sufuria lenye mkia, na Robi anasema ni mwanzo wa kawaida, nisione aibu.

Lakini bango lile Brayan alilihamishia kwenye mlango wa kituo chake. Tulimwendea kumwomba alitoe, akasema ni mali ya kituo. Tukaenda kwa mtendaji, tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri mpaka tukaona tunasubirishwa. Jumamosi, saa za soko, watu wakiwa wamejaa barabarani, Robi alinunua maka peni nyeusi tukaenda naye. Wapita njia walisimama. Mzee mmoja aliyekuwa na ndizi kichwani akamuuliza unafanya nini binti, naye akamwambia anaandika jina lake kwenye kitu chake. Akaliandika juu ya picha, kuanzia kwenye pua mpaka kwenye injini, kwa herufi kubwa: ROBI WAITARA.

Brayan alitoka mlangoni. Alimtazama Robi, akatazama watu waliosimama, akarudi ndani.